Mawingu ya Rungwe, Maji ya Kilwa: Namna ya Kupanga Safari ya Miguu kutoka Volkano za Mbeya hadi Visiwa vya Kusini

Ukimwambia mtu unapanda mlima kisha unashuka visiwani, atakukatiza: Kilimanjaro na Unguja, sivyo? Safari hiyo ni nzuri na bei yake inajulikana. Hii ninayoieleza ni ya upande wa pili wa nchi: volkano za Rungwe mkoani Mbeya, kisha barabara ya kusini kupitia Songea na Lindi hadi Kilwa, kisha Mafia. Ni siku kumi na mbili, na mbili za akiba juu yake. Unalala nyumba za wageni za kawaida, unapanda basi na mashua za kila mtu, na njiani utakutana na wakulima na wavuvi wengi kuliko watalii.

Mara ya kwanza niliipanga kwa kalenda ya likizo. Nilifika Kilwa siku niliyoitaka mimi, nikatoka Kilwa Masoko saa niliyoitaka mimi, na tukiwa ndani ya mikoko ya Songo Mnara, kisiwa cha magofu jirani na Kilwa, maji yakatukimbia. Mashua ililala ubavu kwenye tope tangu saa sita mchana hadi karibu na magharibi. Maji ya kunywa yalikwisha saa nane. Nahodha hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mjomba, ulituambia saa nne. Maji hukuyauliza."

Tangu hapo naanza kupanga na mwezi.

1. Tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Safari hii ina wakubwa wawili. Mlimani mkubwa ni wingu: asubuhi anakupa nafasi, saa nne au saa tano anafunga pazia. Pwani mkubwa ni maji. Wingu huwezi kulijua mwezi mmoja kabla, ila maji unaweza, kwa hiyo panga kuanzia pwani kurudi nyuma.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu inaingia kwenye bamvua: maji yanajaa sana na kukupwa sana. Siku za bamvua yanajaa mnamo saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, na yanakupwa saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata saa hizo zinasogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Ikipita wiki moja na siku moja hivi unaingia kwenye maji mafu, ambayo tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo, na sasa kujaa kunaangukia saa nne au saa tano asubuhi. Hayo ndiyo unayoyataka Songo Mnara: unaingia kwenye mikoko maji yakipanda na kutoka kabla hayajakuacha.

Hesabu yake ni rahisi. Fika Mbeya siku ya mwezi mpevu, au siku ya mwezi mwandamo. Ukifuata ratiba hii, siku ya tisa utakuwa Songo Mnara na maji yatakuwa yanajaa saa tano asubuhi hivi. Ukianza siku nyingine yoyote, hesabu upya na uwe tayari kupindua mpango wa Kilwa.

2. Chagua mwezi wa mwaka

Tukuyu ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa Tanzania. Kuanzia Novemba hadi Mei udongo wa volkano unakuwa kama sabuni. Juni na Julai ni kukavu lakini baridi inauma kweli, na pwani upepo wa kusi unavuma kwa nguvu, kwa hiyo kuvuka kwenda Mafia kunakuwa kwa kutapika.

Mimi naipenda mwisho wa Septemba na Oktoba. Milimani bado pakavu, baharini ni tangambili, kusi imelegea na kaskazi haijaingia. Zaidi ya hayo, papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, huanza kuonekana Kilindoni, Mafia, mnamo Oktoba na kukaa hadi Machi. Utakachokosa ni maua ya Kitulo. Hifadhi ile, ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, inachanua kuanzia Desemba hadi Aprili. Kuipitia Oktoba ni kwenda harusini keterini zimeshaondoka, kwa hiyo sijaiweka kwenye ratiba.

Aprili na Mei usijaribu kabisa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga na watu wakalala njiani na magari yao.

3. Tafuta waongozaji watatu

Hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa. Wakala atakuambia ana mtu mmoja atakayekutoa Ziwa Ngosi, Rungwe, hadi kisiwa cha Chole, Mafia. Huyo mtu yupo, ni mcheshi, anaongea lugha nne, na kwenye tope la Songo Mnara atakuwa na maarifa sawasawa na yako. Chukua mmoja wa Rungwe, mmoja wa Kilwa, mmoja wa Mafia. Jumla yake haitazidi sana, na pesa inabaki kwa watu wa mahali.

Kwa Rungwe, msitu wa mlima ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Pita ofisi yao Tukuyu siku moja kabla, ulipe kwa namba ya malipo ya serikali watakayokutumia, na wao watakuunganisha na mwongozaji. Kwa Kilwa, magofu yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, na kibali unakipata Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Bila kibali hicho hakuna nahodha makini atakayekubeba. Kwa Mafia, ushuru wa Hifadhi ya Bahari unalipwa Utende. Kote beba kitambulisho cha NIDA au pasipoti, maana raia wa Afrika Mashariki analipa kiwango chake na mgeni wa nje kiwango kingine, na anayekagua hatakuamini kwa lafudhi tu.

Mwongozaji wa mlima nampima kwa swali moja: mara ya mwisho ulifika kileleni lini, na uliikuta njia ikoje? Anayejua atakutajia mti ulioanguka na mahali ulipo. Asiyejua atakuambia njia ni nzuri, usiwe na wasiwasi. Wa pwani nampigia simu.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba, baba. Habari za huko?"

"Salama. Jumatano ijayo maji yakoje?"

"Jumatano maji mafu. Yanajaa saa tano. Mje hapa saa moja na nusu, saa mbili tung'oe."

Huyo hakufungua simu wala kalenda. Mpe kazi.

Patana mapema na mtu wa mlima: bei ni ya siku au ya kikundi? Chakula chake ni juu ya nani? Mvua ikiwarudisha katikati, analipwa nusu au yote? Mimi nalipa yote. Nikimlipa nusu, siku ya mvua atanipandisha hata pale asipotakiwa kunipandisha.

4. Funga mzigo wa hali ya hewa mbili

Rungwe saa kumi na moja alfajiri unataka sweta nzito na kofia ya sufu. Siku nne baadaye Kilwa unataka shati jepesi na kofia ya ukili. Begi moja la mgongoni litoshe yote.

Buti zenye meno, zilizokwisha kuzoea miguu yako. Koti la mvua, sio mwavuli. Soksi ndefu za kuchomekea suruali, kwa sababu ya siafu na majani yanayowasha. Tochi ya kichwani. Kwa ajili ya mikoko nunua yeboyebo pale pale sokoni: hazichomoki mguuni kama ndala na hazinywi maji kama raba. Mifuko laini ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo usitegemee mfuko wa dukani kufunikia simu. Beba mkoba wa turubai unaofungwa kwa kukunjwa mdomo. Kina mama wabebe kanga mbili na kina baba wawe na suruali ndefu. Visiwani watu wanajistiri, na mgeni anayetembea kifua wazi kijijini anaonekana hakulelewa.

Pesa taslimu toa Mbeya, na tena Lindi.

5. Siku ya kwanza na ya pili: Mbeya na Ziwa Ngosi

Mbeya unafika kwa basi, kwa ndege ya Songwe, au kwa treni ya TAZARA ukiwa na muda na moyo. Ile reli ilikabidhiwa mwaka 1976 na bado ina madirisha mazuri kuliko ndege yoyote, lakini usiifungamanishe na tarehe ya mwezi. Ikichelewa siku moja tu, hesabu ya maji imeharibika.

Lala Mbeya. Asubuhi ya siku ya pili panda kosta za Tukuyu na Kyela pale Nanenane, mwambie konda akushushe Mchangani. Kutoka barabarani hadi mguu wa mlima ni kilomita sita au saba za barabara ya vumbi kati ya mashamba ya viazi. Bodaboda wapo, ila kwenda kwa miguu ndiko kunakofungua mapafu, na hapo tayari uko juu ya mita 2,000.

Kisha msitu. Ni mwendo wa saa moja hadi saa moja na nusu, kati ya mianzi na migomba mwitu yenye majani mapana kama milango. Kipande cha mwisho kimesimama wima, utashika mizizi. Halafu ghafla hakuna mbele: uko kwenye ukingo wa kasoko, shimo la volkano, na ziwa liko chini, zaidi ya mita mia mbili, kijani iliyokolea, kimya. Wenyeji watakuonyesha linavyofanana na ramani ya Afrika. Angalia vizuri, ni kweli kiasi.

Hakikisha uko pale kabla ya saa nne. Baada ya hapo nimekaa mara mbili nikitazama ukuta mweupe.

Usishuke ziwani. Kuna vijana watakuambia iko njia, na ipo, lakini ni ya kushuka kwa mikono na kupanda kwa dua. Wazee wa Kisafwa na Kinyakyusa wana miiko yao kuhusu ziwa hili, kwa hiyo punguza kelele hata kama huamini.

Kitu kingine cha volkano hizi ni hewa yake. Kuna mahali kaboni dioksaidi inatoka ardhini baridi, haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatuama mabondeni na kwenye mashimo. Watu wa Goma wanaiita mazuku na wanaiogopa kwa haki. Huku Rungwe gesi hiyo hiyo inavunwa kiwandani, huko Kyejo, na kuuzwa kwa watengeneza vinywaji. Povu la soda yako huenda limetoka chini ya shamba la chai. Kwako wewe kanuni ni moja: ukiona kibonde chenye ndege au wadudu waliokufa, usiingie, usiiname, na usipige kambi kwenye shimo eti linakinga upepo.

6. Siku ya tatu: Kiwira, mguu upumue

Lala Tukuyu. Siku ya tatu ni ya kutembea kidogo. Mto Kiwira umepita chini ya lava iliyoganda na kuacha daraja la mawe ambalo hakuna fundi aliyelijenga. Ndilo Daraja la Mungu. Karibu na hapo kuna Kijungu, ambapo mto mzima unatumbukia kwenye shimo la mviringo kama chungu na kupotea, kisha unaibuka ng'ambo. Kijungu kiko kwenye eneo la chuo cha Magereza. Unajiandikisha getini, na kamera inabaki mfukoni hadi uambiwe itoe. Usibishane na hilo.

Usisogee ukingoni mwa chungu kupiga picha. Jiwe ni bapa, lina utelezi, na linaloingia mle halirudi.

Jioni kula mbalaga, ndizi za Kinyakyusa zilizopikwa na nyama au maharage, na maparachichi ambayo bei yake itakuchekesha. Ukihudumiwa sema "ndaga fijo", yaani asante sana. Utaongezewa.

7. Siku ya nne: Mlima Rungwe

Hii ndiyo siku yenyewe. Rungwe una karibu mita 2,960, ni volkano iliyolala, na kupanda na kushuka kunakula saa tisa hadi kumi na moja. Huhitaji kamba wala mtungi wa oksijeni. Unahitaji magoti na kuamka mapema.

Kutoka kitandani ni saa tisa na nusu usiku. Uji, yai la kuchemsha, chai yenye tangawizi. Saa kumi na moja na nusu muwe mwanzo wa njia, ama upande wa misheni ya Moravian ya Rungwe, iliyoanzishwa mwaka 1891, ama upande wa Isongole kaskazini. Mwongozaji ndiye anayejua upande upi njia imefyekwa msimu huo. Mwachie aamue.

Mwanzo ni mashamba, kisha msitu mzito. Tembea kimya hapa. Ndani ya msitu huu anaishi kipunji, nyani mwenye manyoya ya kusimama kichwani ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 2003 tu, na mwaka 2006 wakaona wamwekee jenasi yake peke yake. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake siku zote, na ndilo jina walilompa dunia nzima. Mimi sijamwona. Nimesikia sauti yake mara moja, kama mbwa aliyefungiwa stoo akibweka kwa kukwamakwama, na mwongozaji wangu akasimama akitabasamu kama mtu aliyeitwa na ndugu yake.

Juu ya msitu unakuja mwanzi, halafu vichaka vya baridi na nyasi. Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye nyuma. Kila saa kunywa maji hata kama huna kiu, maana baridi inaficha kiu. Urefu huu haumpigi mtu kama Kilimanjaro, ila kichwa kikiuma na kuzidi kuuma, shuka. Mlima utakuwepo mwakani.

Weka saa ya kugeuka, na itamkwe mbele ya wote kabla hamjaanza: saa sita mchana, popote tulipo, tunageuka. Saa ya kugeuka isiyotamkwa asubuhi haiheshimiwi mchana. Kushuka ndiko kunakovunja watu, kwa sababu miguu imechoka na ukungu umelowesha udongo. Kata gongo la mwanzi mkavu uliokwisha kuanguka, usiukate mbichi, uko hifadhini.

Kutoka juu, hewa ikiwa safi, utaona Ziwa Nyasa kusini na mstari wa milima ya Livingstone. Ikiwa si safi utaona buti zako. Yote mawili nimeyapata kwa bei ileile.

8. Siku ya tano: Kisiba Masoko

Usipande kitu. Nenda ziwa la kasoko la Masoko, kilomita kama kumi na tano kutoka Tukuyu, ukae ufukweni. Wajerumani waliweka kambi yao hapa, na watu wanasema kuna sarafu zao majini. Fua soksi.

9. Siku ya sita na ya saba: kukata nchi

Ukiwa na pesa, ruka Songwe hadi Dar es Salaam kisha shuka na basi la Kilwa. Ninayoipendekeza ni barabara: Uyole, Makambako, Njombe, Songea siku ya kwanza. Siku ya pili Tunduru, Masasi, Mingoyo hadi Lindi. Lami tupu. Ni kukaa sana kwenye kiti, nakubali, lakini miguu baada ya Rungwe inashukuru.

Tena kuna mantiki yake. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 kwenye vilima vya Matumbi, nyuma ya Kilwa, na Songea ndiko wazee wa Kingoni waliponyongwa Februari 27, 1906. Ukifika Songea mapema pitia makumbusho yao. Kisha ukifika Kilwa Kivinje uliza Mwembe Kinyonga uko wapi, pale waliponyongewa watu wa Maji Maji. Njia unayoipita kwa siku mbili, habari za maji ya dawa ziliipita kwa miguu.

10. Siku ya nane: Kilwa Kisiwani

Toka Lindi alfajiri, shuka Nangurukuru, panda gari la Kilwa Masoko. Kata kibali, pumzika, saa nane vuka. Kisiwa kiko karibu, kilomita mbili hivi, na mashua ya tanga inakufikisha haraka upepo ukikubali. Mwisho wa safari utatembea ndani ya maji. Hapa ndipo yeboyebo zinapoanza kulipa.

Unashukia kwenye Gereza, ngome iliyoanzia kwa Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya na Waomani. Kutoka hapo zunguka kwa miguu: Msikiti Mkuu wenye kuba na nguzo zake, msikiti mdogo wa kuba, kasri la Makutani, makaburi. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 na kuusifu mji. Mwishoni nenda mashariki hadi Husuni Kubwa, juu ya genge la mwamba, kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman lenye vyumba zaidi ya mia moja na kidimbwi cha pembe nane. Kaa ukingoni mwake. Alasiri upepo unapanda kutoka baharini na unaelewa kwa nini alichagua pale.

Magofu yako katikati ya kijiji hai. Unapita uani kwa mtu, toa salamu, piga hodi, amkia wazee shikamoo. Usimpige picha bibi anayesuka ukili kabla hujamwomba. Ijumaa usipange kuvuka mchana, nahodha yuko msikitini.

11. Siku ya tisa: Songo Mnara

Saa moja na nusu pwani, kama alivyosema nahodha. Boti ya mashine, jaketi la kujiokolea kwa kila kichwa, na livaliwe, lisikaliwe kama mto. Maji lita tatu kwa mtu, kofia, mikate ya kumimina au vitumbua kutoka kwa mama wa stendi.

Maji yakipanda, boti inapenya kwenye mikoko kisha mnashuka na kumalizia kwa miguu. Tope linafika magotini mahali pengine. Telezesha nyayo bila kuzinyanyua juu, taa, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani, wanasogea na wewe hupotezi kiatu. Mji wenyewe ni wa karne ya 14 na 15: nyumba za matumbawe na chokaa, misikiti, ukuta wa mji, mibuyu iliyoota pale watu walipokuwa wakilala. Pamoja na Kilwa Kisiwani umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, uliwekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004 na ukaondolewa 2014. Usipande ukuta wowote.

Saa sita mchana mwe botini. Nahodha akipiga mluzi, hata kama hujamaliza nyumba ya mwisho, nenda.

12. Siku ya kumi hadi ya kumi na mbili: Mafia

Kutoka Kilwa panda basi la Dar es Salaam, shuka Bungu, chukua gari la Nyamisati. Lala pale. Kuna kivuko na boti za watu binafsi hadi Kilindoni, na ratiba ya boti inafuata maji, kwa hiyo uliza jioni. Boti iliyojaza kupita kiasi iache iende, hata kama wenzako wote wamepanda. Unapotoka kwenye mdomo wa delta ya Rufiji, tazama mikoko nyuma yako: humo ndimo meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilimojificha hadi ilipozamishwa Julai 1915, na Waingereza waliiwinda wakitokea Mafia.

Mafia ina hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza nchini. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili vuka kutoka Utende kwenda Chole, kisiwa kidogo unachokizunguka kwa miguu kwa nusu siku, ukipita chini ya miembe iliyojaa popo wakubwa na mafundi wanaounganisha mashua ufukweni. Maji siku hiyo yanajaa mnamo saa saba mchana, kwa hiyo ndiyo saa ya kusogea Juani. Magofu ya Kua yako kule, mji ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska karne ya 19. Mwombe mwongozaji akusimulie kisa cha jahazi la Kisimani na harusi ya Kua, akiwa amesimama pale pale. Usimwombe watoto wakiwa karibu.

Papa potwe wana siku yao, na hiyo ndiyo siku ya akiba ya kwanza. Unaogelea pembeni, humgusi, humkatizi njia. Ya pili ni ya kurudi. Usikate tiketi ya ndege ya Dar es Salaam ya siku ileile unayotoka Kilindoni kwa boti, na mwambie mwenye nyumba ya wageni akugongee mlango, maana maji yakitaka kuondoka saa tisa usiku, boti inaondoka saa tisa usiku.